Udongo wa kupaka: maswali mnayotuuliza kila siku

Tunachuja na kufungasha udongo wa uso na nywele hapa Mikindani, Mtwara. Maswali yanayokuja ni yale yale, mengine yanapigwa simu saa tano usiku, mengine mteja anauliza dukani tayari ameshajipaka na macho tu ndiyo yanaonekana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Mengine yatakufanya usinunue, na mimi sina neno.

Kwani udongo huu una nini? Si vumbi tu?

Vumbi ni kila kitu kinachopeperuka. Mchanga una chembe unazoziona kwa macho na kuzisikia kwenye meno. Udongo wa mfinyanzi, ambao ndio tunaouzungumzia, chembe zake hazifiki hata sehemu mbili za elfu ya milimita, na umbo lake si punje bali ni vibamba vyembamba vilivyolaliana kama chapati kwenye hotipoti. Kwa kuwa ni vidogo na vyembamba hivyo, kijiko kimoja kina eneo kubwa ajabu la kugusana na vitu. Tena vingi vya vibamba hivyo vina chaji hasi, kwa hiyo vinavuta na kushikilia maji, mafuta, chumvi, madini, hata dawa. Shika hilo moja: udongo unashika unachogusa. Majibu mengi hapa chini yanatoka humo.

Kuna aina ngapi, na ipi inanifaa?

Mweupe laini ni kaolini. Jina limetoka Gaoling, kilima cha China walikochimba udongo wa vyombo vya kauri. Huna haja ya kwenda China, milima ya Pugu kule Kisarawe inayo kwa wingi, na ndiko unakotoka wetu. Kaolini haivimbi, inavuta mafuta kwa upole, na inaifaa ngozi kavu au inayowashwa haraka.

Bentonaiti ilipewa jina hilo mwaka 1898 kwa udongo uliochimbwa Wyoming, Marekani. Asili yake ni majivu ya volkano yaliyogeuka udongo. Hiyo inakunywa maji na kuvimba mpaka inakuwa kama ute, na inavuta mafuta kwa nguvu. Ni ya ngozi ya mafuta, ile ambayo saa sita mchana paji la uso linang'aa kama sufuria mpya. Tatizo lake ni kwamba ina asili ya magadi, na ngozi ya mtu ina uasidi kidogo, kwa hiyo wengine inawachoma.

Ule wa rangi ya maziwa ya chai unaouzwa kwenye maduka ya Kihindi kwa jina la multani mitti umeitwa hivyo kwa mji wa Multan, Pakistan. Wa kijani unatoka zaidi Ufaransa. Wa kahawia, rhassoul, unatoka milima ya Atlas, Moroko, na wanawake wa huko wanaoshea nywele. Yote mizuri. Kama hujui uanzie wapi, anza na mweupe.

Nachanganyaje?

Mimina maji kwanza, udongo juu yake, usikoroge. Uache unywe maji dakika tatu hivi, ndipo ukoroge. Ukifanya kinyume utapata mabonge kama ya ugali wa mwanafunzi. Kijiko kimoja cha chakula cha kaolini kinataka maji karibu kiasi hicho hicho, bentonaiti inataka mara tatu. Uzito uwe wa maziwa mgando, ukishika kwenye kidole usidondoke.

Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, na chumvi inaukausha uso zaidi. Chemsha maji ya mvua uyapoze, au tumia ya chupa. Changanya cha kutosha siku hiyo tu. Kwa joto la huku, udongo mbichi ukilala kwenye bakuli siku mbili unaota ukungu.

Nikae nao muda gani?

Dakika nane mpaka kumi, na uutoe ukiwa bado na unyevu. Udongo una hatua tatu usoni. Kwanza umelowa na unapoza. Kisha unaanza kubana pembeni, kwenye taya na paji, wakati katikati bado rangi imekolea. Hapo ndipo pa kunawa. Hatua ya tatu ni ukavu wa kupasuka, na hapo hauvuti tena mafuta, unavuta maji ya ngozi yako.

Nalijua hilo kwa uso wangu. Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilijipaka bentonaiti nikakaa barazani nachambua mchele. Jirani akaja na habari za harusi iliyovunjika, habari ndefu, tamu. Dakika arobaini baadaye nikacheka, na kipande chote cha shavu kikadondoka kwenye ungo. Mchele tuliuosha. Mashavu yaliwaka usiku kucha, na kwa siku nne yalitoa magamba kama ya changu. Na hapo nilikuwa muuzaji.

Mara moja kwa wiki inatosha kwa ngozi kavu, mbili kwa ya mafuta. Usisugue wakati wa kuutoa, ulowanishe kwanza kwa kitambaa. Baada ya hapo paka mafuta mepesi. Sisi tunapenda ya ufuta, maana Lindi na Mtwara ufuta ndio kwao. Ya nazi ni matamu kwa mwili na nywele, ila mwenye chunusi asiyapake usoni, yanaziba vinyweleo.

Kabla ya yote, mara ya kwanza jipime: paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, nawa, subiri siku nzima.

Nimesikia usiguse udongo kwa kijiko cha chuma.

Tumia tu. Dakika tano ndani ya bakuli hazibadilishi chochote. Usihifadhi mbichi kwenye bati linaloshika kutu, basi.

Naweza kutia ndimu?

Hapana, na hapa natilia mkazo kwa sababu karibu kila mtu anatia. Ndimu ina kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi na jua likazipiga, zinaunguza. Linaanza kama wekundu au malengelenge, kisha linabaki doa jeusi la wiki nyingi, pengine miezi. Tumepata wateja wenye michirizi myeusi shingoni, mahali maji ya ndimu yalipochuruzika. Walidhani udongo ndio mbaya. Kwa jua la Mtwara, ndimu iishie kwenye samaki.

Chunusi zitaisha?

Uso utapungua kung'aa, na chunusi zile ndogo zinazotokana na mafuta na weusi wa kwenye pua zitatulia. Chunusi kubwa zenye usaha, zinazouma na kuacha mashimo, zina mambo ya homoni na bakteria ndani, na udongo haufiki huko. Hizo mwone daktari wa ngozi mapema, makovu hayasubiri.

Utanifanya niwe mweupe?

Hautafanya. Rangi ya ngozi inatengenezwa na chembe hai zilizo chini kuliko udongo unavyoweza kufika. Baada ya kunawa uso unaonekana umetakata kwa sababu mafuta na ngozi iliyokufa vimetoka, na kesho kutwa umerudi ulivyo. Mtu akikuuzia "udongo wa kung'arisha" na kweli ukang'aa ndani ya wiki mbili, ujue humo kuna mkorogo: zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki inakwenda mpaka kwenye figo.

Hili linahusu na wenye ualbino pia, maana nimeulizwa na mama wawili. Udongo mweupe usoni si kinga ya jua. Unapunguza kidogo sana. Mtoto anahitaji losheni halisi ya kukinga jua, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, pamoja na kofia pana na mikono mirefu.

Ni kweli unatoa sumu mwilini?

Neno hili limeandikwa kwenye nusu ya makopo ya udongo duniani. Kwenye letu halipo, na ngoja nieleze, kwa sababu ndani ya uongo huu kuna ukweli uliopotoshwa.

Udongo unashika unachogusa. Ukiwa usoni unagusa mafuta, jasho, vumbi na ngozi iliyokufa, unavishika hivyo. Haugusi damu yako, haugusi ini lako. Sumu za mwilini zinashughulikiwa na ini na figo, na hakuna njia ya kuzinyonya kupitia shavuni au kwenye nyayo. Yale maji machafu ya beseni baada ya kuloweka miguu ni udongo na miguu, hakuna kingine.

Ukweli ni huu. Mtu akinywa dawa ya kuua magugu ya paraquat, hospitali huweza kumnywesha haraka udongo maalumu au mkaa maalumu, ili sumu ishikwe tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Ikishaingia, udongo hauna kazi tena. Na wafugaji katika nchi nyingi wanachanganya aina fulani za bentonaiti kwenye chakula cha kuku na ng'ombe ili zishike sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga ambayo watu wa kusini tunaijua vizuri. Kumbe udongo unaweza kushika sumu, ila lazima vikutane ana kwa ana, na kwa kipimo cha wanaojua. Mtu asichukue kopo letu akalinywa. Limetengenezwa kwa kupaka.

Jambo lile lile lina upande mbaya. Udongo tumboni hauchagui. Ukikuta kidonge chako cha asubuhi, unakishika nacho.

Nina mimba na nina hamu ya udongo. Vipi?

Swali hili wananiuliza kwa sauti ya chini, kama vile wanakiri kosa. Si kosa. Mimi mwenyewe, mimba ya pili, mvua ya kwanza ya Desemba ilipopiga ukuta wa jiko la mama, harufu ile ilinitoa kitandani. Nilikwangua kwa kucha, kipande cha ukubwa wa punje ya korosho, nikala nimesimama mvuani. Nilirudi kesho yake. Mama aliona tundu ukutani akanyamaza, nadhani alijua lilianzia kwa nani.

Sokoni wanauita pemba, vimti vya rangi ya kijivu au nyekundu vilivyokaushwa. Wengine wanakula wa kichuguu. Hamu hiyo mara nyingi inaambatana na upungufu wa damu, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu watu wanasema udongo mwekundu unaongeza damu. Wekundu ule ni chuma kweli, chuma cha kutu, ambacho tumbo linashindwa kukinyonya vya maana. Wakati huo huo udongo unaweza kushika chuma cha mboga ulizokula na cha vidonge ulivyopewa kliniki. Unakula ukitafuta damu, na damu inazidi kupungua.

Kuna minyoo pia, mayai yake yanakaa kwenye udongo muda mrefu na huyaoni. Na kuna risasi na aseniki. Uingereza mamlaka ya chakula iliwahi kuwaonya wajawazito wasile udongo wa vipande unaouzwa kwenye maduka ya Waafrika na Waasia kwa sababu ya madini hayo. Risasi inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, na kuchemsha au kubanika hakuiondoi.

Mwambie mkunga wako kliniki, waziwazi. Watapima damu, na wakikuta imepungua vidonge vya chuma na foliki asidi vitafanya kazi. Kwangu hamu ilikata damu ilipopanda. Ukishindwa kabisa kuacha, basi usile karibu na saa ya vidonge, acha saa kadhaa zipite. Kupaka usoni ukiwa mjamzito hakuna shida.

Na kuharisha? Bibi alikuwa anatoa maji ya udongo.

Bibi hakuwa mjinga. Kaolini ilikuwemo kwenye dawa za kuharisha za madukani kwa miaka mingi, na zipo za udongo mpaka leo. Lakini zinaimarisha choo tu. Kinachoua mtoto ni kupotea kwa maji na chumvi, kwa hiyo dawa ni ORS na zinki, na kituo cha afya akilegea, macho yakibonyea au ukiona damu.

Naweza kuweka kwenye kidonda? Kwenye kitovu cha mtoto?

Usiweke. Wadudu wa pepopunda wanaishi udongoni wakiwa kwenye magamba magumu, na kuanika juani hakuwaui, kuchemsha kwa jiko la nyumbani hakuna uhakika. Kitovu kibaki kikavu na kisafi, kipakwe tu dawa uliyopewa na mkunga. Mama mkwe akija na kifurushi, sema mtoto amelala.

Utasoma kwamba udongo unaua bakteria. Ni kweli kwa aina chache. Watafiti wa Arizona State University walipata udongo, mmojawapo wa Oregon, uliowaua bakteria sugu maabara, na chanzo kilikuwa aina ya chuma kilichomo. Waliopima waliona pia kwamba udongo mwingi hauui kitu. Kwa macho haitofautiki.

Nabangua korosho na mafuta ya ganda yamenibabua mikono. Udongo utasaidia?

Hili ni letu, hutalikuta kwenye kurasa za wenzetu wa Ulaya. Yale mafuta meusi yaliyo ndani ya ganda yana asidi inayobabua, na kemikali zake ni ndugu na utomvu wa embe, maana mkorosho na mwembe ni familia moja. Shangazi zangu wa Tandahimba walikuwa wanapaka majivu au mafuta ya kupikia viganjani kabla hawajakaa kwenye fungu. Wakati wa kusukwa nywele vidole vyao viliacha ngozi kwenye kitana.

Sasa kuna jambo la kufurahisha. Mwaka 1996 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha losheni yenye bentonaiti iliyobadilishwa kiwandani, ya kupaka kabla mtu hajagusa mmea fulani wa porini kwao unaobabua vibaya. Mmea huo nao ni wa familia ya korosho, na kemikali zake zinafanana. Udongo ule unakaa juu ya ngozi na kushika utomvu kabla haujazama. Kwa hiyo wazo la shangazi, kuweka kitu katikati ya ngozi na mafuta, lilikuwa sahihi. Ila bentonaiti ya kawaida si ile, na sijathubutu kuiuza kwa kazi hiyo. Glavu za mpira zinashinda vyote.

Ukishababuka, udongo usiweke. Osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, usipasue malengelenge, usikae karibu na moto. Udongo ukikauka juu ya lengelenge unalivuta na kulipasua.

Kuna wanaosema salfa ya mikorosho inatibu chunusi.

Salfa imo kweli kwenye dawa za chunusi, kwa kipimo kidogo. Ile ya gunia, ya kupulizia ubwiri unga, si ya uso wa mtu. Na kama umetoka shambani mwezi wa saba macho yanawasha, nawa kwanza, usipake udongo juu yake ukaibana ndani.

Kwa nini ninunue? Kichuguu kiko nyuma ya nyumba.

Swali la haki. Bibi yangu wa Newala alikuwa mfinyanzi, na alichagua udongo kwa kuuma punje kidogo kwa meno ya mbele. Ukilia krr, anatema, "una mchanga huo." Ukiteleza kama siagi, anachimba. Kisha anaufinya uwe kamba nyembamba na kuizungusha kidoleni kama pete: isipokatika, chungu kitasimama. Vipimo hivyo viwili ni sahihi mpaka leo.

Ukitaka kujaribu nyumbani, jaza robo ya chupa ya lita moja na nusu kwa udongo uliopondwa, ongeza maji, tikisa sana, uiache imesimama. Mchanga unashuka kabla hujamaliza kuhesabu sitini. Tope la katikati linachukua saa kadhaa. Kinachobaki kimeyafanya maji kuwa kama chai ya maziwa mpaka kesho yake ndicho udongo wenyewe. Ukitia chumvi kidogo unatuama haraka, ndiyo maana tope la mto Ruvuma linaanza kushuka likikutana na bahari, lakini hapo umepata udongo wa chumvi. Sisi tunamimina maji yale ya juu kupitia kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili, tunasubiri siku mbili, tunamwaga maji, tunakausha kwenye trei ndani ya wavu. Magunia mawili yanatoa ndoo chache tu. Ukiusaga na kuuchekecha mkavu vaa barakoa, vumbi lake lina silika na mapafu hayalisahau.

Ambacho bibi hakuweza kukijua kwa meno ni risasi, zebaki na dawa za shamba. Usichimbe chini ya mikorosho inayopulizwa, kando ya barabara, karibu na gereji au choo, wala mahali walipooshea dhahabu kwa zebaki. Kwa kujua hasa, peleka sampuli maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ni gharama, lakini ukishauza kwa mwingine huna kisingizio.

Halafu kuna chokaa. Mfanyabiashara mmoja aliniuzia gunia la "udongo mweupe safi". Nilimimina maji ndani ya beseni, na kabla sijachukua mwiko beseni la plastiki likawa la moto mkononi, maji yakaanza kutokota bila jiko. Ilikuwa chokaa isiyozimwa, ile ya matumbawe yaliyochomwa tanurini, ya kujengea. Ingefika usoni kwa mtu, hasa machoni, leo nisingekuwa naandika haya. Tangu hapo kila gunia linapimwa mara mbili. Kidogo kwenye maji: likipata joto, siyo udongo. Kidogo kwenye siki: likitoa povu, lina chokaa au matumbawe. Kaolini safi inakaa kimya kote kuwili.

Na vigae vya chungu kilichovunjika, nikivisaga? Havifai. Moto wa tanuri ukishaupita udongo, haurudi tena kuwa udongo hata ukiusaga. Unapata mchanga wa kukwaruza sufuria.

Msiro ule wa Wamakua ni udongo?

Hapana, wengi wanachanganya kwa sababu wote ni mweupe usoni. Msiro, upande wa Msumbiji wanauandika mussiro, ni mti unaosagwa kwenye jiwe kwa maji kidogo mpaka utoke uji mzito. Liwa nayo ni mti, wenye harufu, tunayowapaka watoto vipele vya joto. Vinapoza na vinapendeza. Hatuviuzi kwa sababu kila nyumba yenye bibi ina jiwe lake.

Kwa nywele?

Vizuri sana, hasa ukifumua rasta na kichwa kina nta ya mafuta ya miezi miwili. Bentonaiti nyepesi kama uji wa kunywa, paka kwenye ngozi ya kichwa kwa vidole, dakika tano, usiache ukauke kwenye nywele kwa sababu utazikata ukichana. Suuza mpaka maji yatoke safi. Suuza kwenye beseni ukamwage chini ya mgomba, si kwenye sinki: udongo ukituama kwenye bomba la saluni, fundi atakuja na utamkumbuka. Mapunye hauondoi, ule ni ukungu na kwa kichwani unahitaji vidonge vya hospitali.

Magoti ya mama yanauma.

Kitambaa chenye udongo wa vuguvugu juu ya goti kwa dakika ishirini kinaliwaza. Kinachofanya kazi zaidi ni joto, na udongo unalitunza joto vizuri. Kama goti limevimba na ni la moto lenyewe, aende hospitali.

Naweza kumpaka mtoto mchanga kama poda?

Usifanye hivyo. Ataivuta puani.

Mna kibali?

Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, kabla ya hapo vilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Anayesema kipodozi chake kinatibu ugonjwa ameingia eneo la dawa, huko kuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ndiyo maana kopo letu limeandikwa "udongo wa kupaka" na hakuna neno "hutibu" popote. Mteja mmoja aliniambia lingeuzika zaidi. Najua.

Kopo moja linakaa muda gani?

Kavu, kifuniko kimefungwa, miaka. Gramu 250 ni maski za uso kama 25 au zaidi kidogo. Ukichota kwa kijiko chenye maji umeliharibu.

Mnatuma Liwale?

Tunatuma, kwa basi. Kuanzia Januari mpaka Aprili siahidi siku, ile barabara ya kutoka Nangurukuru mnaijua wenyewe. Tunafunga mifuko miwili ya plastiki juu ya kopo kwa sababu mara moja mzigo ulifika umelowa, na mteja akapiga simu kulalamika kwamba tumemtumia tofali.